Vera Menchik, bingwa wa kwanza wa dunia wa sataranji kwa wanawake

Ukipitia orodha za mashindano ya sataranji ya miaka ya 1920 na 1930, utakuta jina la mwanamke mmoja limeandikwa kwa namna mbalimbali. Waingereza huandika Vera Menchik. Wacheki huandika Věra Menčíková, kwa kuwa kwao jina la ukoo la mwanamke hupewa tamati yake ya pekee. Warusi huliandika kwa herufi zao wenyewe, na katika lugha yao neno vera lina maana ya imani. Baada ya kuolewa akawa pia Bibi Stevenson. Nchi iliyo kando ya jina nayo haitulii: mwaka wa 1927 ni Urusi, kuanzia 1930 ni Chekoslovakia, mwaka wa 1939 ni Uingereza. Jambo moja tu halibadiliki. Kila palipogombaniwa ubingwa wa dunia wa wanawake katika miaka hiyo, jina hilo liko juu ya mengine yote.

Vera alizaliwa Moscow tarehe 16 Februari 1906. Baba yake, František Menčík, alikuwa Mcheki aliyefanya kazi ya kusimamia mashamba ya watu wenye vyeo nchini Urusi. Mama yake, Olga Illingworth, alikuwa Mwingereza, naye aliajiriwa kulea na kufundisha watoto katika nyumba za namna hiyohiyo. Walizaa mabinti wawili. Mdogo alipewa jina la mama yake, Olga. Maisha yao yalikuwa ya starehe. Baba alikuwa na kinu chake cha kusaga, nyumba ilikuwa kubwa, na Vera alipofikisha umri wa miaka tisa baba alimpa ubao wa sataranji na kumwonyesha jinsi kila kete inavyokwenda.

Halafu yakaja mapinduzi ya mwaka wa 1917. Kinu kikachukuliwa. Nyumba nayo ikaingiliwa na wapangaji wengine, hata familia ikabaki imebanana katika sehemu ndogo ya mahali palipokuwa pao. Mabinti waliendelea na masomo katika shule ambayo mara nyingi haikuwa na moto wala taa, katika jiji ambalo baridi yake haina mzaha. Ni katika shule hizo za miaka ya taabu ndipo Vera, akiwa na miaka 14, aliposhiriki mashindano yake ya kwanza ya sataranji na kupata nafasi ya pili pamoja na mwenzake mmoja.

Nasimama kidogo hapa, maana kuna jambo ambalo wanaoandika maisha ya wachezaji hulipita bila kuliona. Huyu msichana alijifunza mchezo kwa Kirusi. Katika Kirusi kete yenye nguvu kuliko zote si malkia. Inaitwa ferz, neno lililotoka kwa Waajemi, nalo lina maana ya waziri wa mfalme. Ni nomino ya kiume. Kete ambayo Waingereza wanaiita askofu, Warusi wanaiita tembo, na ile ya pembeni, ambayo sisi tunaiita ngome, kwao ni mashua. Wacheki kwa upande wao humwita malkia bibi, na askofu ni mpiga mishale. Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tunajua kwamba askofu huyohuyo ni mwendawazimu. Neno letu sataranji limetoka katika safari hiyohiyo ya Uhindi, Uajemi na Uarabuni, kwa hiyo tusiwacheke wengine. Ninachotaka kusema ni hiki: yule ambaye magazeti ya Ulaya yangemwita malkia wa sataranji alianza kucheza kwa lugha ambayo mchezo huo haukuwa na malkia hata mmoja.

Mwaka wa 1921 ndoa ya wazazi ilivunjika. Baba alirudi kwao Bohemia. Mama akawachukua mabinti wake hadi Uingereza, wakakaa kwa bibi yao mjini Hastings, kwenye pwani ya kusini. Vera alikuwa na miaka 15 na lugha yake ilikuwa Kirusi. Darasani tunapenda kutumia neno lugha ya mama kama kwamba halina shida. Mfano wa Vera unalitia shida. Lugha ya mama yake ilikuwa Kiingereza, lakini lugha ya mama kwake yeye ilikuwa ile ya mitaa ya Moscow na ya shule isiyo na taa. Alipofika nchi ya mama yake alikuwa kama bubu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliirudia sataranji kwa sababu ni mchezo wa kimya, burudani inayomfaa mtu asiyejua bado lugha ya watu waliomzunguka.

Bahati yake ni kwamba kimya hicho kilimkuta Hastings. Mji huo si mkubwa, lakini klabu yake ya sataranji ilikuwa na sifa tangu mwaka wa 1895, ulipoandaa mojawapo ya mashindano makubwa ya karne ile, na kila Krismasi wachezaji mashuhuri walikusanyika huko. Vera alijiunga na klabu mwezi wa Machi 1923. Kwanza alifundishwa na John Drewitt, mmoja wa wachezaji wazuri wa mji. Baadaye akapata mwalimu wa daraja la juu kabisa, Géza Maróczy wa Hungaria, ambaye mwanzoni mwa karne alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa dunia.

Maróczy hakuwa mtu wa kurusha kete zake motoni ili watazamaji washangae. Alikuwa mtu wa kujilinda, kungoja, kupata faida ndogo na kuibeba hadi mwisho wa mchezo pasipo kuiangusha. Huo ndio uchezaji aliomwachia mwanafunzi wake. Michezo ya Vera haina fataki nyingi. Akicheza na kete nyeusi alipenda ule ufunguzi unaoitwa Ulinzi wa Kifaransa, ambao unakubali kubanwa kwanza ili baadaye ujinasue. Wapo waliosema uchezaji wake ulikosa ubunifu. Inawezekana. Lakini mimi naona ni uchezaji wa mtu aliyeona nyumba ikichukuliwa chumba baada ya chumba, akajua kwamba kinacholindwa vizuri leo ndicho kitakachokuwapo kesho. Najua hiyo ni tafsiri yangu tu; mabao ya sataranji hayatoi ushahidi wa namna hiyo.

Maendeleo yake yalikuwa ya haraka. Mwaka wa 1925 alicheza mapambano mawili na Edith Price, ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika sataranji ya wanawake wa Uingereza, akayashinda yote mawili. Mwezi wa Januari 1926 alishinda mashindano ya wasichana jijini London, na mwaka uliofuata akayashinda tena, mdogo wake Olga akishika nafasi ya pili.

Kisha ukaja mwezi wa Julai 1927. Shirikisho la kimataifa la sataranji, lililoanzishwa Paris mwaka wa 1924, liliandaa Olimpiadi ya kwanza jijini London, na pembeni yake likaweka mashindano ya wanawake 12 na kusema kwamba atakayeshinda ataitwa bingwa wa dunia. Jambo hili linastahili kuangaliwa vizuri. Wakati ule ubingwa wa wanaume ulikuwa bado mali ya bingwa mwenyewe: yeye ndiye aliyechagua mpinzani na kupanga fedha. Shirikisho lilikuja kuushika ubingwa wa wanaume mwaka wa 1948 tu. Kwa wanawake lilianza na utaratibu uliowekwa na shirikisho tangu siku ya kwanza. Kwa kuwa wengi hawakuutilia maanani ubingwa huo, hakuna aliyeugombania na shirikisho.

Vera alikuwa na miaka 21. Alicheza michezo 11, akashinda kumi na kutoka sare mmoja. Katarina Beskow wa Uswidi alikuwa wa pili.

Tangu hapo hadithi ya ubingwa wenyewe ni fupi, kwa sababu hakuna aliyemsumbua. Aliutetea Hamburg mwaka wa 1930, Prague 1931, Folkestone 1933, Warsaw 1935, Stockholm 1937 na Buenos Aires 1939. Huko Prague alishinda michezo yote minane. Folkestone, yote 14. Warsaw, yote tisa. Stockholm, yote 14 tena. Ukijumlisha mashindano yote saba unapata michezo 83: ushindi 78, sare nne, na kushindwa mara moja tu, Hamburg, mbele ya Wally Henschel. Sijui mchezo mwingine wa enzi ile ambao mtu mmoja aliutawala kiasi hicho kwa miaka 12.

Lakini nambari hizo zina upande wa pili, na hapo ndipo maisha ya Vera yanapoanza kuwa magumu kusimulia. Mchezaji hukua kwa kupigwa na aliyemzidi. Kati ya wanawake Vera hakuwa na wa kumpiga. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya kwa kiwango hicho: aliingia mashindano ya wanaume, siyo mara moja kama kivutio, bali mwaka hadi mwaka, kama kazi.

Mwaka wa 1929 ulikuwa na sura zote mbili za kazi hiyo. Huko Ramsgate, Uingereza, timu ya wachezaji saba wa kigeni ilikutana na Waingereza saba. Vera alichezea upande wa wageni. José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia hadi miaka miwili kabla, alipata alama tano na nusu kati ya saba. Vera alipata tano, sawa na Akiba Rubinstein, mbele ya mwalimu wake Maróczy. Miezi michache baadaye alikuwa Karlsbad, Chekoslovakia, katika mashindano makali ya wachezaji 22 ambayo Aron Nimzowitsch aliyashinda. Huko Vera alikuwa wa mwisho, na alama tatu kati ya 21.

Karlsbad ndiko ulikozaliwa mzaha uliomfuata maisha yake yote. Kabla michezo haijaanza, Albert Becker, bwana wa sataranji kutoka Vienna, aliona ajabu kwamba mwanamke amealikwa katika mashindano kama yale. Akapendekeza iundwe klabu, iitwe Klabu ya Vera Menchik, na kila mwanaume atakayeshindwa naye awe mwanachama. Inasimuliwa pia kwamba Hans Kmoch naye aliahidi kucheza ngoma ya baleti jukwaani endapo Vera angepata zaidi ya alama tatu. Kmoch aliokoka kwa nusu alama. Becker hakuokoka: mapema katika mashindano hayo Vera alimshinda, na aliyeanzisha klabu akawa mwanachama wake wa kwanza. Friedrich Sämisch wa Ujerumani akafuata.

Miaka iliyofuata wanachama waliongezeka. Max Euwe wa Uholanzi aliingia mara mbili, katika mashindano mawili ya Krismasi ya Hastings yaliyofuatana, 1930 na 1931. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1935, Euwe huyohuyo alimng'oa Alekhine na kuwa bingwa wa dunia. Samuel Reshevsky aliingia. Edgard Colle wa Ubelgiji aliingia. Waingereza Sir George Thomas, Frederick Yates, Hugh Alexander na Stuart Milner-Barry waliingia. Na Mir Sultan Khan, mtu wa Punjab aliyeletwa London na bwana wake kama mtumishi na kuwa bingwa wa Uingereza mara tatu, naye aliingia.

Ningependa kubaki na Sultan Khan kwa sentensi chache. Vera na yeye walikaa pande mbili za meza moja, wote wawili watu ambao ukumbi wa sataranji haukutengenezwa kwa ajili yao. Mmoja alikuwa mwanamke mkimbizi aliyewakilisha nchi ya baba yake bila kuishi huko. Mwingine alikuwa mtumishi kutoka koloni, asiyejua kusoma vitabu vya ufunguzi ambavyo wapinzani wake walivikariri. Katika nyumba ya bwana huyohuyo palikuwa na msichana mtumishi, Fatima, ambaye mwaka wa 1933 alishinda ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Wanaume walioshindwa na Vera walipewa klabu na mzaha, na majina yao yamehifadhiwa yote. Ya Fatima hatukuachiwa hata jina la pili.

Ule mzaha wa klabu husimuliwa kila mahali, nami nimeusimulia. Watu huupenda kwa sababu aliyecheka alichekwa. Lakini tuutazame kwa makini ya mtu anayesoma maana. Klabu inawahesabu wanaume. Kushindwa kwa mwanaume ndiko tukio. Ushindi wa Vera ni njia tu ya kulieleza. Kwa sarufi tungesema yeye si kiima cha sentensi hiyo. Na hakuna aliyeona haja ya kuunda klabu ya wale walioshindwa na Rubinstein.

Ukweli unaobaki ni kwamba Vera hakufika ngazi ya wale wa juu kabisa. Capablanca na Alekhine hakuwahi kuwashinda. Mwaka wa 1935 alirudi Moscow, jiji alilozaliwa, miaka 14 baada ya kuondoka, akashiriki mashindano makubwa ya kimataifa ambayo Mikhail Botvinnik na Salo Flohr walishinda kwa pamoja. Vera alicheza michezo 19. Hakushinda hata mmoja. Alipata sare tatu, mojawapo dhidi ya Flohr mwenyewe, na akamaliza wa mwisho kati ya wachezaji 20. Alikuwa amezipata siku nzuri pia: mwaka mmoja kabla, huko Maribor, Yugoslavia, alikuwa wa tatu nyuma ya Lajos Steiner na Vasja Pirc, mbele ya Rudolf Spielmann.

Wapo wanaoyasoma matokeo ya Moscow kama hukumu. Mimi siafiki. Kwanza, katika mashindano ya namna ile lazima awepo wa mwisho, na wanaume wengi waliowahi kuwa wa mwisho hawakuulizwa kama jinsia yao inafaa kwa sataranji. Pili, Vera alikula kwa jasho la mchezo huohuo. Alifundisha, alitoa mihadhara, alicheza na watu wengi kwa wakati mmoja katika vilabu vya miji midogo, alikagua michezo ya wengine kwa ajili ya majarida. Bingwa wa wanaume alipata muda na wafadhili wa kujiandaa. Bingwa wa wanawake alipanda treni kesho yake kwenda kufundisha.

Katika sataranji ya wanawake mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuitwa mpinzani wake: Sonja Graf wa Munich, aliyefundishwa na Siegbert Tarrasch. Walikuwa tofauti kama kiangazi na masika. Graf alivuta sigara, alivaa suruali na kukata nywele fupi, alishambulia kwanza na kufikiri baadaye. Vera alikuwa mpole, mnene kidogo, mwenye tabasamu na asiyeonyesha hasira mezani. Walikutana Rotterdam mwaka wa 1934 katika pambano fupi ambalo Vera alishinda kwa alama tatu kwa moja. Mwaka wa 1937, huko Semmering, Austria, wakapambana kwa michezo 16 kugombea ubingwa. Graf alishinda miwili, sare zikawa tano, Vera akashinda tisa.

Mwaka huohuo wa 1937 Vera aliolewa na Rufus Henry Streatfeild Stevenson, mtu wa sataranji, mkubwa wake kwa miaka 28, aliyefanya kazi katika jarida la sataranji la Uingereza na baadaye akawa katibu wa shirikisho la nchi hiyo. Stevenson alikuwa mjane. Mke wake wa kwanza, Agnes, alikuwa bingwa wa wanawake wa Uingereza mara nne. Mwezi wa Agosti 1935 Agnes alikuwa safarini kwenda Warsaw kucheza ubingwa wa dunia, yale mashindano ambayo Vera alishinda michezo yote tisa. Ndege ilitua Poznań. Akiwa anarudi ndegeni aliingia katika panga la injini, akafa papo hapo. Kwa ndoa hiyo Vera akawa raia wa Uingereza, na swali la nchi gani iandikwe kando ya jina lake likaisha.

Aliiwakilisha Uingereza katika ubingwa mmoja tu, wa Buenos Aires, mwaka wa 1939. Wanawake 20 walikuwa wakicheza pembeni ya Olimpiadi. Mashindano yakiwa katikati, tarehe 1 Septemba, Ujerumani iliivamia Poland. Timu ya wanaume ya Uingereza iliacha michezo na kupanda meli kurudi nyumbani. Alexander na Milner-Barry, wale wanachama wawili wa klabu, baada ya muda walikuwa Bletchley Park wakifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Vera alibaki mpaka akamaliza mashindano yake. Sonja Graf alikuwepo pia, lakini hakucheza chini ya bendera ya Ujerumani ya Hitler. Kando ya jina lake liliandikwa neno la Kihispania lenye maana ya huru. Katika mchezo wao Graf alifikia mahali ambapo ushindi ulikuwa mkononi mwake, akakosea, akapoteza. Vera alipata alama 18 kati ya 19, Graf 16. Graf akabaki Argentina. Wachezaji wengi kutoka Ulaya walibaki huko, maana njia ya kurudi ilikuwa inaelekea vitani.

Vera alirudi.

London ilikuwa imefungua kituo cha taifa cha sataranji ndani ya duka kubwa la John Lewis, mtaa wa Oxford, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Mwezi wa Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliliteketeza duka na kituo pamoja nalo. Akaendelea kufundisha na kucheza kadiri vita ilivyoruhusu. Mwaka wa 1942 alicheza pambano la michezo kumi na Jacques Mieses, bwana mzee wa miaka 77, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, akamshinda kwa alama sita na nusu kwa tatu na nusu. Mwaka wa 1943 mume wake alifariki. Vera akabaki na mama yake na mdogo wake Olga katika nyumba ya Gauden Road, eneo la Clapham, kusini mwa London. Watu watatu walioondoka Moscow pamoja walikuwa tena chini ya paa moja.

Tarehe 13 Juni 1944, wiki moja baada ya majeshi ya muungano kushuka Normandy, Wajerumani walianza kurusha kuelekea London silaha mpya, bomu lenye mabawa na injini, lisilo na rubani. Watu wa London walijifunza haraka kuisikiliza. Injini ilipokuwa inanguruma juu, ulikuwa salama. Ilipozimika, ulihesabu sekunde. Usiku wa tarehe 26 Juni bomu moja la namna hiyo liliangukia nyumba ya Gauden Road. Vera, Olga na mama yao walikufa wote watatu. Vera alikuwa na miaka 38, na alikuwa bado bingwa wa dunia. Vikombe vyake na karatasi za michezo yake viliteketea pamoja na nyumba. Hii ndiyo sababu mojawapo michezo mingi aliyocheza haipo tena, na tunamjua kwa yale tu ambayo wengine waliyaandika.

Ubingwa ulikaa bila mwenyewe kwa zaidi ya miaka mitano. Shirikisho lilipoamua kumtafuta mrithi, liliwaita wanawake 16, kuanzia Desemba 1949 hadi Januari 1950, na mji uliochaguliwa ulikuwa Moscow. Aliyeshinda ni Lyudmila Rudenko, mzaliwa wa Lubny, Ukraine, ambaye wakati wa kuzingirwa kwa Leningrad alikuwa amepanga treni ya kuwatoa watoto nje ya jiji. Baada yake ubingwa ulibaki mikononi mwa wanawake wa Umoja wa Kisovyeti hadi mwaka wa 1991. Wanawake walipopata Olimpiadi yao wenyewe, Emmen, Uholanzi, mwaka wa 1957, kikombe cha timu inayoshinda kilipewa jina la Vera Menchik, nalo liliandikwa kwa tahajia ya Waingereza.